Kabla ya Kupachika Kichwa

Kaka yangu ni fundi picha, na ni mwoga. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana tuko naye studio moja mwaka wa kumi na tisa, mimi kaunta, yeye nyuma ya pazia. Mtaa mzima ameshauambia inua kidevu, legeza mabega. Lakini yule mjane mshona nguo wa mlango wa pili, anayempenda mwaka wa tatu huu, hajawahi kumwambia zaidi ya habari za asubuhi.

Siku moja mama huyo alituletea picha ya kitambulisho ya marehemu mumewe. Wanawe walitaka picha ya baba na mama wakiwa pamoja, na wawili hao hawakuwahi kupiga hata moja.

Kazi hiyo tunaijua. Mtu hukaa kitini badala ya asiyekuwepo, amevaa koti la studio, kisha kwenye kompyuta kichwa chake hutolewa na cha mwenyewe kikapachikwa. Kwa kawaida hukaa mlinzi wa jengo. Nilimwona mlangoni anakunywa chai, nikajifanya kipofu.

"Mlinzi hayupo, kaka. Kaa wewe."

Akakaa kama anayesubiri kung'olewa jino. Mama akamwekea mkono begani, nami nikabonyeza.

Baadaye nilimkuta ameikodolea macho skrini. Mama alikuwa amemwegemea kidogo, uso umetulia, kama yuko nyumbani kwake kabisa.

"Hii naifuta," kaka akasema. "Nimejipenyeza kwenye ndoa ya watu."

"Fanya kazi ya mteja. Hiyo iache."

Kichwa akakipachika vizuri mno. Roho iliniuma.

Mama alipokuja kuichukua, machozi yalimlenga. "Watoto watafurahi," akasema. Kisha akagusa uso wake mwenyewe pale kwenye picha.

"Fundi, ile ya mwanzo unayo? Kabla hujapachika kichwa?"

Kaka alikuwa akipanga bahasha zilizokwisha kupangwa. "Ninayo."

"Nitolee na hiyo. Ya watoto itakaa sebuleni. Hiyo nyingine ni yangu."

Kaka akaenda kwenye mashine, akashindwa kuweka karatasi, nikamwekea. Picha ilipotoka aliishika kwa ncha za vidole, akauliza taratibu kama naye anaweza kubaki na nakala.

"Mbona unaomba?" mama akasema. "Si umo?"