Mama Ngabo na Meno ya Sproketi

Umewahi kumwonea wivu mtu asiyeweza kusoma jina lake mwenyewe? Mimi ninamwonea, na anafanya kazi hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu.

Anaitwa Mukarukundo, lakini hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenye kituo chetu cha boda, kila mtu anamwita Mama Ngabo. Ni mjane kutoka milima ya Kivu Kusini, mtoto wa wafugaji. Alipofika kambini hakuwa amewahi kushika spana. Fundi alikuwa mumewe. Yeye alikuwa anamletea chakula, kisha anakaa juu ya debe kumtazama akila na kufanya kazi. Mume alipofariki, yeye alifungua sanduku la vifaa na kuendelea pale alipoishia. Turubai analofanyia kazi chini yake ni lile lile la mumewe. Debe pia.

Mimi nilisoma miaka miwili katika chuo cha ufundi Mbarara, na nina cheti chenye muhuri. Nilirudi nikiamini, na bado naamini, kwamba mkimbizi hastahili kazi ya kubahatisha. Boda anapakia mama mjamzito, anamkimbiza zaidi ya kilomita hamsini hadi hospitali ya Mbarara, na uhai wa yule mama unaning'inia kwenye cheni. Cheni hiyo ihukumiwe kwa kidole cha mtu? Nilifungua karakana, nikabandika ukutani jedwali la vipimo. Waendesha boda walikuja, wakalisoma, wakanisifu, kisha wakavuka barabara kwenda kupanga foleni kwa Mama Ngabo. Wakanipa na jina: Fundi Karatasi.

Lakini kilichonichoma hasa ni desturi yao. Hakuna anayeshika njia ya Mbarara kabla fundi wa kituo hajakagua pikipiki yake na kumwambia, "Enda." Neno moja tu. Nilikuwa nikilisikia kutoka ng'ambo ya barabara mara kumi kwa asubuhi moja, na kila mara lilinidunga kama mwiba. Nililitaka neno lile liwe langu.

Nililalamika katika kila mkutano wa kituo, mpaka Anselme, mwenyekiti wao, akachoka. Alisema Salvator, mmoja wa waendesha boda wa kituo, ana safari ya Mbarara kesho yake, na pikipiki yake imeanza kulia. Tuikague wote wawili. Atakayekuwa sahihi ndiye atakayekuwa fundi wa kituo.

Mama Ngabo alianza. Aliivuta cheni kwenye gurudumu la nyuma kwa vidole viwili, ikanyanyuka hadi nusu ya jino la sproketi ikaonekana chini yake. Akaweka dole gumba chini ya cheni, akalizungusha gurudumu polepole huku amefumba macho. Mahali pengine cheni ilipanda vidole viwili, mahali pengine vinne. Kisha akainama kwenye sproketi kubwa ya nyuma, lile duara la chuma lenye meno linalovutwa na cheni. Meno yalikuwa yamelala upande kama kulabu, na yameliwa pande zote mbili, kwa sababu Salvator alishaigeuza mara moja ili apate miezi zaidi.

"Yote itoke," alisema. "Cheni, ya mbele, ya nyuma. Ukiweka cheni mupya kwa meno ya zamani, ile meno itaikula mbele ya mwezi kuisha."

Akataka kifuniko cha sproketi ndogo ya mbele kifunguliwe. Nikasema hakuna haja, zamu yangu imefika.

Nilinyoosha cheni, nikaweka rula, nikahesabu viungo ishirini. Vikiwa vipya vina milimita mia mbili hamsini na nne. Vikifika mia mbili hamsini na tisa, cheni ni ya kutupa. Nilipata mia mbili hamsini na saba. Nikaitangaza namba ile kwa sauti, kituo kizima kisikie. Nikaongeza kwamba watu wa kubahatisha ndio wanaotufanya wakimbizi tutupe vyuma vizima na kubaki maskini.

Mama Ngabo aliuliza nimepima fasi ngapi, yaani sehemu ngapi za cheni. Nikamjibu kwamba moja inatosha.

"Ng'ombe habamupime mugongo, mwana yangu," alisema. "Banamufungua kinywa."

Walicheka mpaka Anselme akashika tumbo. Kwao umri wa ng'ombe husomwa kwenye meno, na inasemekana yeye, akiwa bado msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akiitwa kuwafungua ng'ombe vinywa wanunuzi walipokuja. Nilisimama pale na rula mkononi, nikamchukia.

Niseme ukweli. Wakati anazungusha gurudumu, niliuona ule ulegevu wa cheni usiolingana. Niliuona vizuri sana. Nikajiambia gurudumu limepinda.

Salvator ni Mrundi mwenye watoto sita, na kununua seti nzima kulimtisha. "Mama, unisamehe," alimwambia. "Leo nasikiliza cheti." Mama Ngabo alipangusa mikono, akamwomba jambo moja tu: asipakie mtu, apakie mzigo. Jioni ile nilikula kwa raha ambayo sikuwa nimeionja tangu nitoke chuoni.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, niliona boda mwingine akija taratibu kutoka upande wa Isingiro, kwenye njia ya Mbarara, na nyuma yake, kwenye kamba, pikipiki ya Salvator. Cheni ilikuwa imekatika kwenye mwinuko, magunia ya maharage yamebaki njiani. Salvator alikuwa mzima. Cheni aliivaa shingoni. Alipopita mlangoni kwangu niliiona yote: kipande kimoja kipya zaidi kinang'aa, kimeungwa kwenye viungo vikuukuu vilivyochakaa. Ni pale palipong'aa nilipoweka rula.

Hakunitazama. Alivuka kwa Mama Ngabo. Anselme mwenyewe ndiye aliyeshika usukani, naye Mama Ngabo akafungua kifuniko cha mbele, akaitoa ile sproketi ndogo, meno yake membamba kama miiba, akaiweka kwenye kiganja cha Salvator.

Nyuma yao alisimama boda mwenye abiria mjamzito. Mama Ngabo aligeuka, akapitisha kidole chini ya cheni, akazungusha gurudumu duara zima.

"Enda," alisema.