Filamu Iliyokatika Mlangoni

Baba alinituma nimpeleke dada yangu mkubwa kutazama filamu, kisha njiani nimlegeze akubali matanga. Mume wake alibaki nyuma kufungulia mbuzi alfajiri ile tuliyovamiwa kijijini, upande wa Djugu. Sisi tulikimbilia Bunia, na habari zake hazijafika mpaka leo. Ukoo ulitaka tukae matanga Jumapili jioni, hata bila mwili, ili dada alie, amalize. Dada alikataa. Waliosema subira huvuta heri hawakulala chumba kimoja na mtu anayesubiri. Nilikuwa nimechoka, nikaona baba ana haki.

Hapa Nyakasanza, mtaani kwetu Bunia, filamu haijisemei. Kuna mtafsiri mwenye kipaza sauti anayeeleza kila kitu kwa Kiswahili chetu, na jambo asilolipenda analitengeneza mwenyewe. Kwake mwizi anaweza kuokoka katikati ya wizi.

Jumapili ile, baada ya misa, alituletea ya mwanamke aliye peke yake kwenye nyumba ya porini. Mumewe amepotea, na nje anazunguka mtu anayetaka kumuua. Nilitazama nimekaa tako moja. Mwishoni mlango ukagongwa, mbwa akabweka, mwanamke akashika kitasa. Giza. Kwisha.

Watu wakalipuka. "Sema! Ni nani?" Mtafsiri akasita, halafu akasema, "Ni bwana yake. Amerudia kwake."

Nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakamwita mwongo. Mimi nilipanda juu ya benchi. "Mbwa haibwekee mwenye nyumba! Ni muuaji!" Nilikuwa na hasira kweli. Mtu anakutia hofu filamu nzima, halafu anakuachia kazi ya kuimaliza: ule ni uvivu, na sijabadili maoni. Dada alibaki amekaa, mikono ndani ya kitenge.

Njiani niliendelea kubwabwaja kwenye vumbi la pikipiki. Nikaona nimepata pa kuingilia.

"Yaya," nikamwambia dada, "mwisho kama haujulikane, mutu anachagula moja, anaendelea kuishi."

Akasimama. "Weye ulisikia mbwa. Miye nilisikia mutu anagonga. Wale walikuyaka kwetu, hawakugonga."

Mlango wetu waliuangusha kwa mateke, nami nilikuwepo. Tukatembea haraka kama vile tunafukuzwa.

Uani kwetu viti vya matanga vilikuwa vimekwisha kuazimwa kanisani na kupangwa. Dada akavipita, akaingia ndani. Baba akanitazama, akingoja.

"Amekatala, baba," nikasema. "Na miye sitakaa matanga."

Nilidhani atanigombeza. Alivuta kiti kimojawapo, akaketi, akaanza kumlilia mkwewe kwa sauti, peke yake. Sikujua kama nimnyamazishe au nikae naye.