Kivuko cha Ng'ombe cha Ihumwa

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi ya mkutano wa barabara mpya iliyopangwa kupita kule Ihumwa, enzi mji ulikuwa haujatufikia. Wataalamu wa mipango walibandika ramani kubwa kwenye ukuta wa shule. Mimi nilichaguliwa kuwa mkalimani, maana Kiswahili nilikimudu, na wazee wetu jambo zito walipenda kulisema kwa Kigogo.

Baba yangu mkubwa, Mzee Chiwanga, akasimama. Alianza kama wazee wa kwetu wanavyoanza: akawasalimu wageni, akauliza habari za mvua huko walikotoka, akawataja waliofyeka eneo lile mwanzo, akaisifu barabara. Alizungumza hadi kivuli cha ukuta kikatuacha juani. Alipokaa, nikasema, "Mzee anashukuru, anaunga mkono mradi."

Kiongozi wa wataalamu, mama mmoja wa miwani, akaweka kalamu chini.

"Kijana, Kigogo sikijui. Ila mzee amesema mpaka nimeungua jua, wewe umemaliza kabla sijapepesa macho. Mengine umeyapeleka wapi?"

"Ameyameza," jirani yetu akadakia. "Hajanywa chai huyo."

Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. "Basi yateme. Nimekuja kuwasikia wao, sikuja kukusikia wewe."

Nikarudia yote. Mwishoni kabisa, baada ya sifa zote, likatokea swali: kiangazi ng'ombe wetu hunywa kwenye visima tunavyochimba mchangani, korongoni, ng'ambo ya hiyo barabara. Watapita wapi? Wapimaji wa hiyo barabara walikuwa wamekuja masika, maji yamejaa kila dimbwi, wasione hata ng'ombe mmoja akielekea korongoni. Bila njia, kila familia ingelazimika kuuza mifugo au kuivusha mbele ya malori.

"Mbona hakuanza na hilo?" mama akaniuliza.

Baba mkubwa alielewa, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili. "Ningewapokeaje wageni kwa madai, mama?"

Siku ileile wataalamu na wazee walifuatana hadi korongoni. Mchoro ukabadilishwa, pakajengwa kivuko chini ya barabara.

Leo nyumba zimejaa, reli imepita, ng'ombe wamebaki wachache. Asubuhi wanaopita kivukoni ni wanafunzi, malori yakinguruma juu ya vichwa vyao.

Mwanangu, Jumatatu unaanza kazi ya kukusanya maoni ya wakazi. Usiwafupishe watu. Wakikushukuru, usidhani wamekubali. Subiri shukrani ziishe, usikie kinachofuata. Eneo uliloliona masika, lirudie kiangazi. Na mkalimani wako akimaliza upesi mno, muulize mengine ameyapeleka wapi.

Mungu akujalie subira ya kukaa juani na watu. Na siku moja upite mahali ulipofanyia kazi, ukute mtoto anavuka salama, wala hajui jina lako.