Swali la Kumi na Moja

Wanawake wa Mpemba, kule karibu na mpaka wa Tunduma, hawakukosa elimu ya sheria. Naliandika hili juu kabisa kwa sababu ipo ripoti, yenye jalada zuri la bluu, inayosema walikosa, na kuna siku nilitakiwa kuweka jina langu chini ya maneno hayo.

Wakati huo nilikuwa mtafiti msaidizi kwenye taasisi ya chuo kikuu inayofundisha sheria za biashara na kutoa ushauri wa sera. Nilikuwa wa mwisho kuajiriwa, hivyo nikawa wa kwanza kutumwa mbali. Mradi ulihusu wanawake wanaovusha mazao kwenda Zambia. Mkuu wa mradi, daktari wa sheria aliyewahi kunifundisha, alinichagua kwa kuwa nimezaliwa Mbozi, kwenye familia ya wakulima wa kahawa, na Kinyiha ndicho tunachoongea nyumbani.

"Wewe ni mtu wa kule," aliniambia. "Watakufungukia."

Nilipokuwa mwanafunzi wake alikuwa akinisahihisha matamshi mbele ya darasa zima. Sasa lafudhi ileile ilikuwa imepata kazi.

Nikafika Tunduma na dodoso la maswali thelathini. Asubuhi ya pili nilikwenda Mpemba kwa mama mmoja muuza mchele, mtu mzima wa rika la shangazi yangu, katibu wa kikundi cha wanawake wafanyabiashara. Nilimkuta barazani anapepeta mchele wa Kamsamba. Alinipa kigoda, akaendelea na kazi yake, huku akinijibu bila kuinua macho. Tukaenda vizuri hadi swali la kumi na moja.

"Kwa nini hutumii njia halali kuvusha bidhaa zako?" nikasoma. "Sijui sheria, kituo kiko mbali, gharama ni kubwa, au sababu nyingine."

Ungo ukasimama. "Hebu rudia."

Nikarudia.

"Huyo unayemuuliza hayupo hapa, mwanangu. Mimi napita getini, mchana kweupe."

"Basi mama, niweke alama kwenye sababu nyingine."

"Nyingine ipi? Swali lenu limeshanihukumu, halafu mnanipa nafasi ya kuchagua kosa."

Aliingia ndani, akatoka na faili la plastiki. Humo mlikuwa na leseni, vyeti vya mazao na fomu za kila safari, zimepangwa kwa tarehe vizuri kuliko faili lolote nililowahi kuliona pale kwenye taasisi. Akanionyesha safari moja. Kila karatasi ilikuwepo, lakini ofisa mmoja kwenye kizuizi cha barabarani alidai kuna muhuri unakosekana. Magunia yake matatu yakashushwa na kuachwa nje. Mvua ikanyesha siku mbili. Aliporuhusiwa kuyachukua, mchele ulikuwa umevimba na kuanza kunuka.

"Niliandika barua ya malalamiko. Nakala hii hapa. Hakuna aliyenijibu hadi leo unavyoniona. Andika hilo."

"Dodoso halina nafasi yake, mama."

"Wewe una kalamu."

Nilikata swali la kumi na moja kwa mstari mmoja. Pembeni nikaandika: Ulipofuata sheria, nini kilikupata? Swali hilo ndilo nililowauliza wanawake wote niliowafikia baada yake, na usiku nyumba ya wageni nilikuwa nakosa usingizi kwa majibu yao.

Daktari alipoyaona madodoso yangu alifunga mlango wa ofisi.

"Umeharibu utafiti," alisema. "Chombo cha utafiti hakibadilishwi katikati ya safari."

"Swali lilikuwa na uongo ndani yake, Daktari."

"Hizi ulizoleta ni simulizi."

"Zina nakala za fomu. Zina tarehe."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa, kwamba rasimu ilishaandikwa, pendekezo kuu lilikuwa mafunzo ya sheria kwa wanawake, na kwamba mafunzo hayo yangeendeshwa na taasisi yetu wenyewe. Nikaelewa. Ili sisi tuwe walimu, ilibidi wao wawe wajinga.

"Kwa hiyo ondoa jina langu," nikasema.

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Nilitoka. Sitajifanya nilikuwa jasiri. Nilikaa chooni muda mrefu nikiwaza nitawaambia nini wazazi wangu, waliokwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti yao anaandika sheria.

Rasimu ilipangwa kusomwa mbele ya wadau, palepale Tunduma, kwenye ukumbi wa hoteli moja. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kukaa mlangoni na karatasi ya mahudhurio. Niliipitia yote. Walikuwepo maofisa, wanasheria, watu wa mabenki. Mwanamke muuza mazao hakuwepo hata mmoja. Nikampigia simu yule mama wa Mpemba.

Walikuja sita, wamevaa sare ya kitenge cha kikundi chao. Nikaandika majina yao kwa mkono, chini ya orodha iliyochapwa, na kwenye safu ya cheo nikaandika: mdau.

Daktari aliwasilisha kwa Kiingereza. Niliacha mlango, nikakaa na wale wanawake. Kwenye slaidi iliyotaja uelewa mdogo wa sheria, mama yule aliniinamia akauliza imesemaje. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akasimama hapohapo, bila kusubiri muda wa maswali.

"Mama, tutakupa nafasi," alisema mwenyekiti wa kikao.

"Nafasi ninayo, nimeshasimama." Akainua faili lake. "Mmesema hatujui sheria. Wataalamu mmejaa humu. Chukueni karatasi zangu, mnionyeshe kifungu nilichovunja."

Hakuna aliyejisogeza. Alipita kati ya viti mwenyewe, akaliweka faili mbele ya ofisa mmoja mwenye mvi, mgeni kutoka mkoa mwingine. Yule mzee alivaa miwani, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama yeye, na Daktari alibaki amesimama jukwaani na rimoti mkononi.

"Hizi ziko sawa," ofisa akasema mwishoni. "Zote ziko sawa."

"Basi nilikosa nini?"

Alivua miwani, akaomba radhi, kwa sauti ya chini lakini tuliokuwa karibu tulisikia.

Ningependa kusema mambo yalibadilika. Ripoti ilitoka na sentensi yake vilevile. Mchele ulishaoza, na fidia haijatoka. Kitu kimoja walichoongeza, ukurasa wa nyuma, ni pendekezo kwamba fomu za mpakani zipatikane kwa Kiswahili. Mkataba wangu haukuongezwa.

Nilirudi kwetu, mkoa wa Songwe. Siku hizi napanga chumba Mpemba, ukuta mmoja na fundi cherehani, na kila Jumamosi mimi na wanawake wa kikundi tunasoma sheria humo, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili. Wanabishana nami. Mara mbili wamenikamata nimekosea tafsiri, na mara zote mbili walifurahi kupita kiasi.

Mwaka jana taasisi iliniandikia kuomba wanafunzi waje kwetu kwa mazoezi. Nilitaka kuichana ile barua. Wanawake wakakataa, wakasema waje, ila kwa sharti moja: kila mwanafunzi atasoma alichoandika, kwa sauti, mbele ya wale aliowaandika habari zao, kabla hajapanda gari kuondoka.

Walikuja wanne. Binti wa kwanza alisoma aya yake, ikakataliwa. Akaiandika upya, ikakataliwa tena. Macho yakamjaa machozi, akanigeukia mimi, nadhani akitegemea nitamtetea.

Nikampa karatasi nyingine.