Mwanamke Aliyepanda Boti

Sanduku la picha la Zubery wa Miburani, hapa kisiwani, halifungiki tena. Limejaa mikanda na sidii za filamu za upelelezi za zamani, zote nyeusi na nyeupe: wanaume wa kofia, mvua, na wanawake wa kuogopwa. Kila asubuhi anazitoa na kuzifuta, maana kuvu ya huku haina adabu.

Kuvu hiyohiyo ndiyo iliyomponza enzi zile akiwatafsiria watu picha kwa maiki, kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha Kilindoni. Mkanda wa mwanamke muuaji ulikuwa umeliwa mwisho wote, runinga ikabaki chenga tupu. Watu wakaanza kuguna. Zubery akaendelea kusimulia vilevile: mwanamke kapanda boti, polisi wameachwa ufukweni! Kibanda kizima kikalipuka kwa shangwe.

Tangu hapo hajatulia. Mwisho wenyewe ulikuwaje?

Leo nesi Jovina, mtu wa bara, kamletea sidii ya picha hiyo kutoka Dar, nzima. Zubery akaiweka palepale, mkewe Shamsa akasogea. Mume anakaa, anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Chai imepoa. Mwishoni, mwanamke akatiwa pingu.

"Waongo hao!" Shamsa akafoka. "Si alipanda boti? Mimi nilikuwepo, nilipiga vigelegele!"

Zubery akazunguka chumba mara mbili, kisha akaichomoa sidii na kumpigia Jovina.

"Ahsante, mwanangu. Lakini hii siyo yenyewe. Nitafutie nyingine."