Nyuki Waliomjua Mận

Kama hujawahi kugombana na Bi Thơm, basi hujakaa msitu wa U Minh, au umekaa huku umeziba masikio. Mwanamke yule alikuwa na mdomo. Mumewe alipofariki, watu walidhani atauza mtumbwi ahamie mjini kwa binti yake, nao wakaanza kuyapigia hesabu maeneo yake ya nyuki. Wapi! Kabla msiba haujapoa alishaingia msituni na panga, anakata boriti mpya.

Kazi yenyewe ni hii. Unachagua uwazi katikati ya miti ya tràm, mahali jua la asubuhi linapofika, unasimamisha nguzo mbili, moja ndefu moja fupi, kisha unalaza juu yake boriti iliyoinama. Tràm ikichanua, nyuki wa porini wanakuja wenyewe kutundika sega lao pale. Ukikosea kuchagua mahali, utaambulia mchwa. Bi Thơm hakukosea. Na boriti ya mtu haiguswi na mwingine, hiyo ndiyo sheria ya msitu, hata mlevi anaijua. Ndiyo maana mwaka mmoja alipokuta sega lake limenyofolewa, alisimama katikati ya karamu ya harusi akamwita Mzee Kiệm, mrina asali mwenzake, mwizi, mbele ya wakwe na watoto. Tangu hapo hawakusalimiana. Kiệm alikaa upande wa pili wa tuta lililoziba mfereji, na hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake.

Nyumba ya Bi Thơm ilikuwa na desturi yake, aliyoirithi kwa mama mkwe. Mtoto akiumwa na nyuki mara ya kwanza, hang'olewi mwiba. Anapakwa asali palepale, anabebwa hadi kwenye boriti, jina lake linatajwa mbele ya nyuki, kisha unapikwa uji wa mchele na samaki, majirani wanakula. Wameshamjua, husema. Toka siku hiyo mtoto hafichwi tena nyuki, na akiumwa akalia, anachekwa.

Mjukuu wake, Mận, alitajwa jina msimu uliopita, kabla hata hajaweza kufunga vifungo vya nguo yake. Mama yake, Nhàn, alikuwa kwenye kiwanda cha samaki mjini akimenya kamba, mtoto kamwachia bibi. Mkono wa Mận ulivimba hadi begani, mabaka yakamtoka tumboni, akashinda amelala. Nhàn alipiga simu akiomba mtoto apelekwe zahanati. Bi Thơm akamcheka. Alimwambia kwamba mkono ukivimba sana, ujue nyuki wamempenda sana. Nhàn akakata simu. Binti wa Bi Thơm, angejibu nini?

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini nani anakumbuka wahenga wakati ndoo imejaa asali?

Maana ndoo ilikuwa imejaa asubuhi ile. Bi Thơm alikuwa ametoka msituni, yuko kibarazani juu ya mfereji akikamua masega, na Mận ameketi karibu analamba vidole. Nyuki wachache walikuwa wamefuata sega lao hadi nyumbani, kama kawaida yao. Mmoja akamuuma Mận nyuma ya sikio. Mtoto akapiga yowe.

"Nyamaza," Bi Thơm akacheka, wala hakugeuka. "Mnajuana nyie. Wamekuja kukusalimu."

Mtoto akanyamaza, na bibi akafurahi. Akaendelea kukamua. Mwanamke aliyesikia kila kitu msituni hakusikia kwamba ule haukuwa unyamavu wa mtoto aliyebembelezwa. Alipokuja kugeuka, Mận alikuwa anajikuna tumbo kwa mikono miwili, mwili mzima mabaka, midomo imevimba.

"Bibi, koo," alisema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa imekauka kama ya mzee. Akatapika uji wote wa asubuhi. Macho yakavimba hadi yakafumba. Kisha akaanza kukohoa, na kila akivuta pumzi, kifua kilipiga mluzi.

Bi Thơm aliwaona watoto wengi wakiumwa. Hili hakuwahi kuliona. Asali ilimwagika kibarazani asiione, akamnyakua mtoto, akashuka mtumbwini kukimbilia zahanati. Injini ikagoma. Akavuta kamba, ikagoma tena. Akaitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, ndipo ikawaka.

Mfereji haukuwa mrefu, ila ulikuwa na tuta. Wakati wa kiangazi walinzi wa msitu huziba mifereji kwa matuta ya udongo ili maji yasikimbie na msitu usiungue. Siku nyingine unangoja jirani, mnasaidiana kuburura mtumbwi juu yake huku mkitaniana. Leo wa kungojwa ni nani? Bi Thơm aliuacha mtumbwi ukielea, akapanda tuta na mtoto begani. Udongo ulikuwa laini, akateleza akaangukia magoti, akapanda tena. Kichwa cha Mận kilikuwa kinayumba. Alikuwa mzito kwa namna ambayo mtoto mzima hawi mzito.

Upande wa pili palikuwa na mtumbwi mmoja tu, na ndani yake mtu anapakia boriti. Mzee Kiệm.

Njia nzima Bi Thơm alikuwa akimwomba marehemu mumewe amwekee mtu pale ng'ambo, mtu yeyote yule. Sasa amewekewa huyu. Alisimama juu ya tuta, tope hadi kiunoni, na ule mdomo uliojulikana mifereji yote ukatafuta neno.

"Mzee Kiệm, mjukuu wangu anakufa."

Kiệm alizitupa boriti zake majini zote. Akampokea mtoto, akamsaidia bibi kuingia, akawasha injini. Walipokuwa mbio ndipo alipouliza ni nini. Nyuki, akajibiwa. Wangapi? Mmoja. Kiệm alimtazama mtoto, akazidisha moto hadi maji yakawa yanaruka kuwalowesha. Mzee yule, aliyezoea kuumwa na kundi zima la nyuki kisha akaenda zake kunywa chai, hakuelewa. Lakini hali ya mtoto aliiona.

"Mng'oe huo mwiba," alisema baadaye.

Ulikuwa bado nyuma ya sikio. Bi Thơm aliukwangua kwa kucha. Mwiba ulitoka, mtoto hakubadilika. Mluzi wa kifuani ulikuwa unafifia, na Bi Thơm alijua sasa kwamba ukimya si habari njema. Akawa anampuliza usoni, anamwita jina. Jina lilelile alilolitaja mbele ya nyuki.

Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, msichana mwembamba aliyekuwa anafagia. Aliutupa ufagio. Alimlaza Mận chali mezani, akamwinua miguu juu ya gunia la mchele la mtu, akamchoma sindano pajani, hakungoja hata kumvua suruali. Akamvika kinyago cha hewa. Bi Thơm aliuliza kama mtoto atapona, hakujibiwa. Akauliza tena, muuguzi akamwomba anyamaze, naye akanyamaza. Kiệm aliyekuwa mlangoni alitazama chini. Mabaka hayakuondoka. Muuguzi akamchoma sindano nyingine.

Kisha Mận akalia. Sauti bado ilikuwa imekauka, kilio kibaya, cha hasira. Bi Thơm aliketi sakafuni akalia naye, kwa sauti, bila haya.

Baadaye, wakisubiri boti la kuwapeleka hospitali kubwa, maana ugonjwa huo huweza kurudi, muuguzi aliuliza kama mtoto amewahi kuumwa. Bi Thơm akamweleza yote: mkono, mabaka, asali, uji. Msichana hakumlaumu. Alikuwa amechoka.

"Ile mara ya kwanza haikumaliza kitu, bibi. Ndipo mwili wake ulipoanza kuwachukia nyuki. Akiumwa tena inaweza kuwa mbaya kuliko leo."

Nhàn aliwakuta hospitalini na nguo za kiwandani, ananuka kamba. Hakusema "nilikuambia." Alimbeba mwanawe, akamgeukia mama yake.

"Mwanangu harudi penye nyuki, mama."

Bi Thơm alirudi kwenye nyumba tupu yenye asali iliyokauka kibarazani, na siku kadhaa majirani hawakumsikia. Wakaingiwa na wasiwasi. Kisha wakasikia panga. Alikuwa anaziangusha boriti zote zilizokuwa karibu na nyumba, zile bora, alizochagua mumewe, akazipasua kuni. Zilizobaki ni za mbali, ndani kabisa. Halafu akavuka tuta kwenda kwa Kiệm kuomba mahali pa kukamulia asali huko huko, na kisima cha kuogea na mahali pa kubadili nguo kabla ya kurudi, ili nyuki wasimfuate nyumbani.

"Lile sega," alimwambia, "lililiwa na mwewe. Niliona manyoya siku ileile."

"Nilijua kwamba unajua," Kiệm akasema. "Kuni unazo, leta na sisi tupikie."

Tangu hapo Kiệm hufunga mtumbwi wenye mafuta ng'ambo ya tuta kwa ajili ya dharura, na haugusi mtu.

Mvua zilipokwisha kunyesha, Nhàn akaja na Mận kupachunguza mwenyewe, chumba kwa chumba, mti kwa mti. Alipoondoka, alimwacha Mận, ingawa hakuahidi kumwacha pale msimu wa maua. Jioni ile mtoto alikwenda hadi pale zilipokuwa boriti, akaona mashimo ya nguzo tu, yamejaa maji.

"Bibi, nyuki wamenisahau?"

Bi Thơm alimnyanyua akamtoa pale, ingawa hapakuwa na kitu.

"Hawajakusahau, mama. Wanakujua sana. Ndiyo maana nimewafukuza."