Mvua Iliyonyesha Barafuni

Binamu yangu Jelimo alizaliwa Kibomet, katika nyumba ya wakulima wa mahindi, na kwetu mvua haina kosa. Ikinyesha mazishini tunasema marehemu amebarikiwa. Ikibomoa choo tunamshukuru Mungu, tunachimba kingine.

Mwaka juzi, akisomea mambo ya ndege, Jelimo alichukuliwa kusaidia watafiti wa pengwini, wale ndege wasioruka, kule Antaktika kwenye barafu. Sheria ilikuwa moja: usimfuate pengwini wala usimguse, akikujia mwenyewe, keti utulie. Nao wana udadisi! Walimzunguka kama watoto wa mtaa wetu wa Matisi wakitazama gari la harusi, wakadonoa kamba za mabuti yake. Kifaranga mmoja wa manyoya ya kijivu akazoea kuja kila asubuhi na kuketi juu ya buti lake la kushoto. Jelimo akampenda, utafiti upende usipende.

Siku moja ikanyesha. Si theluji, mvua hasa, kitu kisicho cha kawaida kule. Jelimo akakimbilia simu.

"Baba, huku kunanyesha!"

"Asante Mungu!" akajibu mzee Rotich. "Huku mahindi inakauka. Si ututumie kidogo, bana!"

Wakacheka. Alipotoka nje akakuta wenzake wakiwatazama vifaranga. Wakamweleza kwamba manyoya ya kifaranga huzuia baridi lakini hayazuii maji. Yakilowa na upepo ukavuma, kifaranga haponi.

Yule wake alimjia akitetemeka, akapanda buti. Jelimo akafungua zipu ya jaketi ili amfunike. Kiongozi wao akatikisa kichwa kumkataza. Mimi namlaumu mtu yule hadi leo. Jelimo hamlaumu, anasema vifaranga waliotapakaa pale wote walikuwa wakitetemeka, na jaketi lilikuwa moja. Aliketi tu bila kuusogeza mguu, mpaka kifaranga akatulia kabisa, asipumue tena. Hakuwahi kumwambia baba yake.

Mwaka huu, Jelimo akiwa amerudi nyumbani, mvua ilichelewa, tukaomba kanisani hadi sauti zikakauka. Ilipokuja tulitoka uani sote, tukaimba tukilowa. Mzee Rotich aliinua mikono.

"Jelimo! Kweli umetutumia! Toka nje ubarikiwe!"

Jelimo alikuwa amesimama mlangoni, machozi yakimtiririka. Baba yake alimwita tena na tena. Hakusogea. Alikuwa akiutazama mguu wake wa kushoto.